Kiraka cha Sebuleni

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi wazima. Mama hajambo kiasi, shemeji yako hajambo na kitambi chake kinaendelea vizuri, na wanao wamerudi shule. Mkubwa ana wiki moja tu darasani na tayari kapoteza kiatu kimoja. Si viwili, kimoja. Nimemuuliza amerudije nyumbani, ananitazama tu kama mimi ndiye niliyekivaa. Natumaini nanyi mko salama, na lile jino la binti yako limeshang'oka bila vita. Mwambie mama mkubwa anamsalimu.

Utashangaa naandika barua wakati simu tunazo. Kwenye simu wewe una wateja. Ukisikia tu sauti yangu imeanza kupanda unasema, "Dada, kuna mtu kaunta anataka dawa ya kikohozi," basi mazungumzo yameishia hapo. Barua haina mteja. Itabidi uisome yote.

Jambo lenyewe ni ukuta wa sebule ya mama. Lile gari la kushindilia barabara limepita nje kwa wiki nzima, nyumba ikatetemeka hadi saa ya ukutani ikaanguka, na lilipotuacha tukakuta nyufa sita. Nimezichokoa zote, nimezijaza puti, nimeziacha zikauke. Kazi ya siku tatu kwa mtu kama mimi. Nikamwambia mama, "Jumatatu napiga msasa, Jumatano tunapaka." Unajua alichonijibu? Alisema, "Ungemsubiri Kitinda. Yeye ana mkono wa viraka."

Kitinda, mimi nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii ya rangi niliyorithi kwa mama. Nusu ya kuta za mji huu nimezipapasa. Mtaani wananiita Bi Msasa, watoto wadogo wanaimba nikipita. Wewe umepiga msasa kiraka kimoja maisha yako yote, ukiwa na miaka kumi na minne, ukaenda zako kuuza dawa. Wewe koti lako jeupe umelinunua. Jeupe langu mimi ni vumbi, na silivui hata nikioga mara mbili. Halafu mwenye mkono ni wewe!

Unaujua utaratibu wa mama. Msasa ukishapita, anafumba macho, anatandaza kiganja, anakipitisha ukutani polepole. Ukuta ukiwa na makwaruzo anasema, "Unaongea." Ukiwa sawa anasema, "Umenyamaza." Kwangu mimi, tangu nianze, anafuta mkono kwenye gauni na kusema, "Haya, tupake." Hilo neno lingine nimelisikia mara moja tu, nikiwa nimejibanza barazani, na halikuwa langu.

Sasa vidole vyake vinakufa ganzi. Ulikuwa mkono wa kulia peke yake, sasa yote miwili. Juzi ameshika sufuria ya uji ikitoka motoni bila kushtuka, mimi ndiye niliyepiga kelele. Ndiyo maana sitaki kumsubiri mtu. Ninataka huu ukuta aupapase wakati bado anasikia.

Nisalimie wote hapo.

Dada yako.

N.B. Ulitumia msasa namba ngapi kwenye kile kiraka? Nauliza tu.


Tarehe 2 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika na tumeicheka sana, hasa habari ya kiatu. Sisi hatujambo. Jino liling'oka lenyewe kwenye mkate, mwenyewe akalimeza na kulia siku nzima akidhani litaota tumboni. Duka limepata mmiliki mpya, mama mmoja anayependa kupanga upya rafu kila Ijumaa, kwa hiyo kila Jumamosi hakuna anayejua dawa ya macho iko wapi. Tunaishi hivyo hivyo.

Habari ya ganzi imenikosesha raha. Nimefunga humu ndani dawa ya kupaka na vidonge vya mwezi mmoja. Kimoja asubuhi baada ya kula, si kabla. Mikono iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, na maji uyapime kwa kiwiko chako wewe, asiyapime yeye. Mpeleke hospitali wamwangalie sukari. Dada, nakuomba, usisubiri.

Kuhusu ukuta, mimi sina la kusema. Wewe ndiye fundi. Paka rangi unavyoona inafaa.

Watoto wanawasalimu. Shikamoo tena kwa mama.

Mdogo wako.

Namba ya msasa siikumbuki. Ni mambo ya zamani mno.


Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu,

Dawa zimefika, ahsante. Mama anapaka na kulalamika kuwa zinanuka duka. Sukari wamepima, ipo juu kidogo. Amekatazwa vitu vitatu na vyote anavikuta anapotaka. Mkubwa wangu amekuwa wa nne darasani, kiatu hakijaonekana. Shemeji yako anaumwa mgongo kwa sababu ya kukaa.

Umesema huikumbuki namba ya msasa. Sawa. Mtu anakumbuka vidonge vya watu mia mbili mtaa mzima, kiraka chake mwenyewe hakikumbuki. Kitinda, unaninyima kwa nini? Sikuombi figo. Wenzangu kwenye kazi wananiuliza mimi siri, na mimi nawaambia: anza pembeni, usianze kwenye kilele cha puti, zungusha mkono, usivute mistari, futa vumbi kwa kitambaa kibichi kabla hujaamini macho yako. Nimewafundisha bure na hawajanishukuru. Wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, unanificha namba.

Basi nikaamua kujitafutia mwenyewe. Nilisema nikikiona kiraka chako nitajua ulichokifanya. Jumanne mama alipokwenda kliniki nikafunga mapazia, nikalaza tochi ukutani. Unajua taa ikilala hivyo hata punje ya mchanga inatoa kivuli. Nimekagua ukuta ule kuanzia dirishani hadi mlango wa jikoni, nimepiga magoti, nimepanda ngazi. Hakuna kitu! Nikakasirika, nisikudanganye. Ningekuta hata mstari mmoja, hata ukingo mmoja uliobaki juu, ningelala vizuri.

Nikasema, kigoda kilichotoboa ukuta siku ile nilikirusha mimi, najua kilipogonga. Karibu na dirisha, usawa wa kiuno. Nikachora alama ya penseli, nikakwangua rangi. Plasta ya zamani, nzima. Nikasogea shibiri moja kushoto nikakwangua tena. Halafu juu. Halafu chini. Nilipofungua mapazia nikakuta nimetoboa mashimo manne mapya kwenye ukuta uliokuwa mzima, na cha kwako bado sijakipata. Mama aliporudi akauliza, "Hizi nazo ni nyufa?" Nikamwambia gari la barabara limepita tena.

Usinicheke. Najua unacheka.

Haya, nilisema vibaya kwenye barua ya kwanza, sasa nasema vizuri. Nina wivu. Nina wivu na wewe tangu ile Ijumaa mama alipokusifu. Nikimaliza ukuta wowote, wa mtu yeyote, namtazama mama usoni kabla hajafungua mdomo, na akisema "Haya, tupake" nakuona wewe umesimama hapo na sare yako ya shule. Nataka neno lile kabla mikono yake haijafa kabisa. Niambie ulifanyaje.

Dada yako.


Tarehe 20 Machi

Kitinda,

Hatujambo. Nyinyi hamjambo?

Mwezi na siku tisa. Nimepita posta mara nne hadi yule mama wa dirishani ananiambia "hakuna" kabla sijafika. Kwenye simu unaongea na mama tu, nikiomba niongee nawe unasema umeme utakatika. Umeme na simu vinahusiana wapi?

Mashimo yangu manne nimeyajaza puti. Zile nyufa sita za mwanzo nimeshazipiga msasa, ziko safi, lakini mama sijamwita azipapase. Sitaki azipapase nusunusu. Nakusubiri wewe unijibu, na vidole vyake havimsubiri mtu. Jana alikuwa anashona kifungo, akajichoma sindano na kuendelea kushona. Nguo ikawa na damu, yeye anauliza ni rangi gani hiyo.

Kama umekasirika sema umekasirika.

Dada yako.


Tarehe 6 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Watoto hawajambo, baba yao amerudi safari. Binti yangu ameota jino jipya na limekaa upande. Hatuna habari nyingine, na nilizokuwa nazo nimezimaliza ili nisiwe na mahali pa kujificha.

Barua yako ya Februari nimeisoma mara nyingi. Nilidhani unanisuta. Tangu ile ya Januari nilidhani hivyo: "ulitumia msasa namba ngapi, nauliza tu." Nikasema, sasa Dada amechoka, anataka nikiri kwa mdomo wangu. Na wewe una haki. Basi naandika.

Kile kiraka sikukipiga msasa mimi. Ni wewe.

Ngoja nikueleze nilivyokiona. Mama alikuwa kwenye kazi ya mbali, tuko wawili. Tuligombana nani atakwenda naye kazi inayofuata, ukarusha kigoda, ukakimbilia kwa shangazi kabla hata hakijatua. Ndiyo maana hukioni hapo dirishani, Dada. Kiligonga upande wa jikoni, chini ya swichi. Hukugeuka kutazama. Mimi nikabaki na shimo la ukubwa wa bakuli na mama anarudi kesho. Nilichukua puti yake, nikajaza kwa mkono, kwa kijiko, kwa kila kitu. Kikawa nundu. Kilikuwa kinene hata ungeweza kutundika kofia. Nikalia, nikaenda kulala.

Ijumaa nikaenda shule. Niliporudi mchana ukuta ulikuwa sawa kama meza. Mama yuko sebuleni, begi lake bado mlangoni. Akapitisha kiganja, akafumba macho, akasema neno lile. Halafu akauliza, "Nani kafanya kazi hii?" Sikujibu. Akasema, "Ni wewe," akanishika kichwa. Nikakuona kupitia dirisha umekaa barazani umenuna, nikajua. Ulirudi asubuhi ukanisaidia kwa sababu kigoda kilikuwa chako, na sasa sifa nimepewa mimi. Nikasubiri useme. Hukusema. Nikaona unanitunzia siri, na mimi nikaichukua sifa nikakaa nayo.

Unaniuliza kwa nini niliacha kazi ya mama. Hujawahi kuniuliza wazi, lakini kila ukitaja koti langu jeupe unaniuliza. Mama alinunua brashi mpya siku ya pili yake, ndogo, ya kwangu. Akasema likizo nitaanza. Dada, niliogopa mpaka nikaumwa. Ukuta wa pili ungeniumbua. Angepitisha kiganja angejua mara moja kuwa ule wa kwanza haukuwa wangu. Nikasema vumbi linanibana kifua. Halijawahi kunibana kifua.

Na kama tunaambiana ukweli, mimi ndiye mwenye wivu. Wewe uko naye kila siku. Unajua amejichoma sindano jana. Mimi najua amejichoma sindano baada ya wiki mbili. Anaponisifu kwenye simu naona anamsifu mtu mwingine, na mtu huyo ni wewe, ila hajui.

Nisamehe. Mwambie au usimwambie, ni juu yako.

Mdogo wako.


Tarehe 14 Aprili

Kitinda,

Nimesoma barua yako nimesimama posta, nikairudia nyumbani nimekaa.

Si mimi.

Sikurudi asubuhi. Shangazi alinifungia ndani nimchambulie maharage kwa adhabu, nikamaliza gunia zima, nikaachiwa baada ya chakula cha mchana. Nilipofika barazani begi la mama lilikuwa tayari mlangoni. Muulize shangazi, bado yuko hai na bado ana hasira. Sijagusa kiraka chako hata kwa kidole. Nilikaa pale barazani nasikiliza unavyosifiwa kwa kitu nilichokivunja mimi, na nikasema moyoni kumbe huyu mtoto ana kipaji.

Sasa kama si wewe, na si mimi, na nyumba ilikuwa imefungwa, mwenye ufunguo mwingine alikuwa mmoja tu.

Nakwenda kumuuliza.

Dada yako.


Tarehe 21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, kuna watu kaunta, safari hii kweli.

Usimwulize. Nakuomba sana. Tangu nisome barua yako siwezi hata kuhesabu vidonge. Kama ni yeye, alijua tangu mwanzo. Alijua nilivyokaa kimya nikashikwa kichwa. Miaka yote hiyo ananiambia nina mkono huku anajua sina. Sitaki aniambie kwa nini. Mwache aendelee. Mimi nimezoea.

Juni nimepewa likizo ya wiki mbili, nitakuja. Tutaongea tukiwa wawili. Lakini usimwulize.

Kitinda.


Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu. Kiatu kimepatikana, kilikuwa juu ya paa la shule, hakuna anayesema kilifikaje. Shemeji yako anatembea kila asubuhi hadi kwenye kona na kurudi, anajiita mwanariadha. Mama hajambo. Sukari imeshuka. Mikono ni ile ile.

Barua yako imefika jana. Nilikuwa nimeshamuuliza.

Nilikuwa nimeiloweka mikono yake kwenye beseni, maji nimeyapima kwa kiwiko kama ulivyosema. Nikamuuliza moja kwa moja, sikuzunguka. Akanijibu kama ninayemuuliza habari za jirani. "Ni mimi. Nani mwingine? Nimefika na begi nakuta kichuguu kimeota chini ya swichi. Nikavua viatu nikakipiga msasa. Kilinichukua asubuhi nzima, kile kitoto kilikuwa kimemaliza kopo la puti."

Nikasema, "Halafu ukamsifu."

"Nilitaka aipende kazi. Alikuwa mwoga wa kila kitu, yule. Nilisema akisikia neno zuri moja atapata moyo." Akageuza viganja ndani ya beseni. "Haikusaidia. Vumbi likambana kifua."

Sikumwambia habari ya kifua, Kitinda. Hilo ni lako.

Nikamuuliza, "Na mimi je?"

Akanitazama hajaelewa. "Wewe ulikuwa unaipenda tayari."

"Mama, miaka ishirini na miwili."

"Kuta zako sijawahi kuzirudia," akasema. "Hata moja. Nilikuwa nazipapasa kwa mazoea tu. Sasa ningesema nini, na kitu kipo sawa?"

Najua unachofikiri. Unafikiri hiyo ndiyo sifa, na kwamba ni kubwa kuliko ya kwako, na nilipaswa nifurahi. Shemeji yako naye kasema hivyo hivyo. Na mimi mwenyewe nimejiambia. Lakini pale mbele ya beseni sikufurahi hata kidogo. Nilikuona wewe, una miaka kumi na minne, mama amerudi safari mchovu, amevua viatu, ameshika msasa asubuhi nzima kwa ajili yako, halafu akafuta vumbi na kujifanya hajui. Nikasema ni nani aliyewahi kufanya hivyo kwa ajili yangu? Mimi nilikuwa najua kazi, basi. Nikamwambia, na sauti yangu ilipanda, unaijua: "Mama, hata mimi nilitaka unidanganye. Mara moja tu."

Aliomba taulo. Nikamfuta kidole kimoja kimoja.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi nikaenda kumalizia ukuta. Zile nyufa sita zilikuwa tayari. Yale mashimo yangu manne ya ujinga yalikuwa yamejazwa tu, puti imekauka, imesimama nundu nne kando ya dirisha, kila moja kama nusu ya limao. Msasa nilikuwa sijaupitisha hata mara moja. Nilikuwa uani nakata karatasi za msasa vipande. Nikaingia sebuleni nikamkuta mama amesimama dirishani peke yake.

Kiganja chake kilikuwa juu ya nundu. Si pembeni, juu yake kabisa. Macho amefumba. Akakipitisha polepole kutoka ya kwanza hadi ya nne, na mimi nauona mkono unavyopanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mtoto mchanga angejua. Kisha akafungua macho, akanigeukia, akasema, "Huu umenyamaza."

Kitinda, sijui. Nakuapia sijui. Inawezekana ni ganzi. Mkono ule haujui moto, haujui sindano, utajuaje puti? Lakini na macho je? Nundu zinaonekana ukiwa mlangoni. Nilimtazama usoni, na alikuwa na ule uso anaouvaa akimwambia mteja kuwa rangi ikikauka itapendeza. Au ni mimi niliyetaka awe nao. Ningeweza kumuuliza. Nilishajifunza kumuuliza, si ndiyo?

Nikasema, "Ahsante, mama."

Akafuta mkono kwenye gauni akaenda kukaa.

Nikatazama vile vipande vya msasa mkononi mwangu, nikavirudisha kwenye ndoo. Nikafungua rangi. Nimepaka tabaka la kwanza na la pili juu ya nundu nne, mimi, Bi Msasa, niliyemrudisha fundi wangu kwenye kazi mara tatu kwa sababu ya mkwaruzo usiofika urefu wa ukucha. Shemeji yako alipokuja akasema, "Mbona pale kumevimba?" Nikamwambia akatembee hadi kwenye kona.

Juni karibu sana. Chumba chako nimekifungua madirisha. Jua la asubuhi linaingia kwa dirisha la sebuleni na kupita kando ya ukuta, kwa hiyo utaziona, huwezi kutoziona. Usimwambie mama. Usinionee huruma. Na usije ukajitia mkono wa viraka ukataka kunitengenezea nikiwa sokoni. Wewe neno lako ulishalipata. Zile nne ni zangu, usiziguse.

Dada yako.